Picha Iliyoondoka Ukutani

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa sasa. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila tumeyafupisha kidogo.)



Nianze kwa kukiri kosa. Wengi wenu mlipoingia afisini leo asubuhi kusalimia, mlitizama ukutani juu ya kabati la vikombe, mkaona msumari mtupu. Ile picha ya Kidato cha Nne cha mwaka 1968 haipo. Nimesikia watu wakinong'ona kuwa imeibiwa. Mwizi ni mimi. Niliiondoa kwa idhini ya Mwalimu Mkuu, miezi kumi na minne iliyopita, nikaahidi kuirejesha baada ya wiki mbili. Leo nimeirejesha, na sikuja mikono mitupu. Ila nawaombeni mnisikilize kwanza, kisha mnihukumu.

Wenzangu wa mwaka ule mnaikumbuka siku yenyewe. Tulipangwa safu tatu mbele ya baraza, wanafunzi ishirini na wanane, mwalimu wetu kakaa katikati kwenye kiti cha mkono. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akatuambia tusipepese macho. Mimi ni wa nne kutoka kulia, safu ya pili, yule mwenye masikio yaliyotangulia kukua kabla ya kichwa. Katika hao ishirini na wanane, kumi na mmoja wametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Nilipoikuta picha ile mwaka juzi, unyevu ulikuwa umeshaanza kuila kutoka pembe ya kushoto. Mnaijua hewa yetu: chumvi ya bahari na joto, na ikifika Masika hata kiatu kilichomo kabatini huota ukungu. Waa la manjano lilikuwa limeshapita juu ya wavulana watatu, na yule wa mwisho kabisa wa safu ya nyuma lilikuwa limemmaliza. Yamebaki mabega na kola ya shati. Sura hakuna. Yule alikuwa mpiga kengele wetu. Nitarudi kwake.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu ya kupiga chapa. Nitafanya hivyo, na mwisho mtaona kuwa kazi ile na picha hii ni hadithi moja.

Kwanza nawaombeni kila mwenye noti ya shilingi elfu mbili aitoe mfukoni. Msiogope, sichangishi leo. Upande mmoja mtamwona simba. Upande wa pili iko Ngome Kongwe yetu, hii hii ya Forodhani. Mwenye noti mpya apapase polepole kwa ncha ya kidole upande ule wenye simba. Utahisi wino umeinuka kidogo, kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Wino ule haukupakwa juu ya karatasi kama rangi ipakwavyo ukutani. Ulitoka ndani ya bamba la chuma lililochimbwa, ukavutwa na karatasi kwa nguvu kubwa ya mashine.

Vijana, zishikeni namna mbili za kupiga chapa. Ya kwanza naiita ya kilima. Unachukua ubao au mpira, unachonga na kuondoa usichokitaka, unachokitaka kinabaki kimeinuka. Wino unakaa juu, unabonyeza. Muhuri wa Mwalimu Mkuu ni kilima. Herufi za risasi za wapiga chapa wa zamani zilikuwa vilima. Ya pili ni ya bonde. Hapa unachimba kile unachokitaka. Unapaka wino bamba zima, kisha unalifuta usoni mpaka ling'are, na wino unabaki mashimoni tu. Halafu unaweka karatasi iliyoloweshwa, unapitisha vyote baina ya magurudumu mawili, kama muwa unavyopita katika mashine ya maji ya miwa pale Forodhani. Karatasi inasukumwa hadi ndani ya mabonde na kunywa wino uliomo.

Uzuri wa bonde ni huu. Kilima kina neno moja tu, ama kipo ama hakipo, ama cheusi ama cheupe. Bonde lina kina. Fikirieni bao: shimo la kina hubeba kete nyingi, shimo jembamba hubeba chache. Pale bamba lilipochimbwa sana wino ni mwingi na rangi ni nyeusi kama usiku. Palipokwaruzwa kidogo ni kijivu kama alfajiri. Kwa hiyo bonde linaweza kuichukua sura ya mtu na kivuli chake, shavu na kidevu, wala lisiifanye kuwa katuni.

Sasa tutizame kwetu. Uchapaji wa kilima Unguja tumeujua zamani. Seyyid Barghash alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiarabu, na Misheni ya Vyuo Vikuu iliwafundisha vijana kupanga herufi na kuchapa vitabu vya Kiswahili, yote hayo katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1892 Zanzibar ikawa na gazeti lake la kila wiki. Lakini vitu vyetu vya bonde vilitoka mbali. Stempu za mwanzo zenye sura ya Sultani wetu, Hamid bin Thuwaini, zilitoka mwaka 1896, na mabamba yake yalichongwa Uingereza. Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia. Pembeni upande mmoja liko jahazi limekunja upepo, upande wa pili watu wanachuma karafuu. Noti zile zilitumika mpaka rupia ilipoondolewa mwaka 1936, ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki. Zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons. Jahazi letu na karafuu zetu, lakini mkono uliochonga haukuwa wetu.

Waliokuwa wakikusanya stempu, na katika skuli hii tulikuwa wengi, watazikumbuka zile za mwaka 1957: karafuu, jahazi, jumba la Kibweni, na ule msikiti wa Dimbani kule Kizimkazi, ambao maandishi yake ya mawe ni ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Zilikuwa za bonde, mistari myembamba kama unywele. Mwaka 1961 michoro ile ile ilitolewa tena na sura ya Seyyid Abdulla bin Khalifa. Kisha Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Stempu mpya hazikuwapo, na barua haziwezi kungoja. Hapa hapa Zanzibar ikachukuliwa mihuri ya mkono, stempu zile zile zikapigwa maneno mawili: JAMHURI 1964. Mimi ninayo moja nyumbani. Kila nikiitia kioo cha kukuzia naona namna mbili za kazi yangu katika karatasi isiyozidi ukucha wa dole gumba. Chini ni bonde, limechimbwa Uingereza kwa utulivu na subira ya miezi. Juu ni kilima, kimepigwa kwetu kwa haraka, kimekwenda upande kidogo. Sisemi ipi bora. Nasema ile ya juu tuliiweza na ile ya chini hatukupata kufundishwa.

Mtu ataniuliza: hiyo ni kazi ya mchongaji, na picha ya kamera inaingia vipi ndani ya shaba? Hapo ndipo pananifurahisha zaidi, kwa sababu mlango wake mmoja ulipita kwetu.

Katika miaka ya 1850 Mwingereza mmoja, William Henry Fox Talbot, ambaye ni mmoja wa mababa wa upigaji picha, alikuwa na masikitiko. Picha zake za karatasi zilikuwa zikififia. Akataka kuzihamishia kwenye wino, maana wino wa mpiga chapa ni masizi, na masizi hayafifii. Aligundua kwamba jelatini, ile gundi ya mifupa na ngozi, ikichanganywa na chumvi iitwayo dikromati ya potasi, hugeuka kuwa ngumu inapopigwa na mwanga. Palipo na mwanga mwingi inakuwa ngumu na kuizuia dawa ya kulia chuma. Palipo na kivuli dawa inapenya. Hivyo mwanga wenyewe ndio unaoshika patasi. Taabu ikabaki moja: pale penye kivuli kipana, dawa ilichimba shimo pana kama sahani, na ukifuta bamba kitambaa kinauchota wino wote. Panahitajika vijukuta vidogo vidogo vya kuushika wino. Mwaka 1858 Talbot akaeleza dawa yake: nyunyizia unga laini wa sandarusi, uupashe moto ushikamane, kila chembe itakuwa kinga dhidi ya asidi. Alisema kama sandarusi haipatikani, utomvu wa kawaida utafaa.

Sandarusi! Wazee wetu walikuwa wakiichimba ardhini huko Mrima, ikavuka kuja Unguja, ikaondoka na majahazi na merikebu kwenda Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani. Katika soko la dunia la wakati ule, sandarusi ngumu na safi iliitwa kwa jina la Zanzibar. Siwezi kusema kuwa chembe zilizokuwa mkononi mwa Talbot zilipita Forodhani. Nasema tu kwamba wakati kazi hii inazaliwa, dawa yake iliyotajwa kwanza ilikuwa ni bidhaa ya mji huu.

Mwaka 1879 fundi mwengine, Karel Klíč, mtu wa Bohemia aliyekuwa akifanya kazi Vienna, aliikamilisha kazi ile kwa namna tunayoitumia mpaka leo. Vumbi la utomvu linawekwa kwanza juu ya shaba yenyewe, kisha jelatini iliyopigwa mwanga inahamishiwa juu yake. Kwa njia hiyo Mmarekani Edward Curtis alichapisha picha za wenyeji wa Marekani Kaskazini, mijalada ishirini, kuanzia 1907 hadi 1930. Mambo yakamharibikia, na mwaka 1935 mabamba yake ya shaba yakauzwa kwa muuza vitabu wa Boston. Yakalala chini ya jengo mpaka miaka ya 1970 yalipotafutwa tena. Miaka ipatayo arubaini gizani, na bado yalikuwa tayari kutoa picha. Shaba ni mvumilivu.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1973 nilikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokuwapo wakati ule, kujifunza kupiga chapa. Mji wenyewe ulikuwa Leipzig. Kabla ya kuondoka nilimwomba marehemu mama picha ya baba. Baba alifariki mwaka 1966 na hakupata kupigwa picha ila mara moja, katika studio moja ya Mji Mkongwe, amevaa kanzu na kofia ya viua, kasimama kama anayengoja kusomewa hukumu. Mama aliitoa ndani ya mkoba wa msahafu. Akaniambia, "Mwanangu, huyu ndiye mmoja. Umrejeshe."

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kijerumani aliyekosa kidole cha shahada. Alituambia kila mmoja achague picha ya kuanzia. Wenzangu walichagua makanisa na farasi. Mimi nikamtoa baba.

Kazi ilikwenda hivi. Nilisugua bamba la shaba mpaka nikajiona ndani yake kama kwenye kioo. Nikaliweka ndani ya sanduku la vumbi, ambamo utomvu uliosagwa unapeperushwa kisha unaachwa utue taratibu, kama vumbi la mchana linavyotua jioni. Utomvu wenyewe ni ule ule wapiga fidla wa taarab wanaoupaka kwenye upinde. Nikalipasha moto chini chembe zikashikamana. Pembeni nilikuwa na karatasi yenye jelatini na rangi, nikaipiga mwanga chini ya filamu ya picha ya baba. Nikaibandika juu ya shaba, nikaiosha kwa maji ya moto. Jelatini iliyopata mwanga ikabaki nene, na pale penye ndevu na kivuli cha kofia ikabaki nyembamba kama utando wa yai. Kisha kloridi ya chuma. Unaanza na maji mazito ya dawa, ambayo hupenya kwenye wembamba tu. Halafu unahamia kwenye mepesi zaidi na mepesi zaidi, ambayo hupenya hata kwenye unene. Kila bakuli lina dakika zake, na jicho lako lazima liwe pale.

Jicho langu halikuwa pale. Siku ile ndiyo siku barua kutoka nyumbani ilipofika. Nikaisoma huku baba yangu yumo ndani ya dawa. Nilipomtoa alikuwa amechimbwa kupita kiasi. Chapa ya kwanza ilitoka nyeusi: macho, ncha ya pua na ukingo wa kofia, basi. Mwalimu aliitizama sana, kisha akasema, "Bamba limeharibika. Litunze." Nikadhani ananikejeli. Nikalifunga kwa gazeti, nikalitia chini ya sanduku, na aibu yangu pamoja nalo.

Nilirudi Unguja mwaka 1976. Picha nikamrejeshea mama, salama. Masika mbili baadae pakavuja juu ya kabati lake. Mkoba wa msahafu ulipofunguliwa, msahafu ulikuwa mzima, alhamdulillahi, na picha ya baba imeshikamana na karatasi nyengine. Ilipobanduliwa haikubaki kitu.

Sikumwambia mama juu ya bamba. Niliona haya kumpa mzazi wangu kitu kilichoharibika. Nilikaa nalo miaka. Nilikuwa nikifanya kazi ya chapa za ofseti hapa mjini, mabango na madaftari, na mashine ya kuchapia mabonde hatukuwa nayo. Hata nilipokaribia kustaafu nikamwendea fundi mmoja wa chuma Saateni, nikamchorea magurudumu mawili na mkono wa kuzungushia. Akanitizama akasema, "Mzee, hii si mashine ya miwa?" Nikamwambia ndiyo, lakini muwa wake ni shaba. Akaitengeneza. Chapa ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya baba. Mama alikuwa hai bado, macho yake hayana nguvu. Aliishika karatasi karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Akasema, "Ndiye. Ila mbona amekasirika?" Akacheka, na mimi nikatoka nje nikalie.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimelifahamu neno la mwalimu wangu. Kazi iliyoharibika, lakini imechimbwa ndani ya kitu kigumu, ilimshinda uhodari yule mpiga picha wa studio aliyeipiga vizuri juu ya karatasi nyepesi.

Basi ndiyo maana, nilipoiona picha ya darasa letu inaliwa, niliiondoa msumarini.

Nilianza kazi mwezi wa Aprili. Ujinga mtupu. Katika Masika jelatini yetu haikauki, inavuta maji kutoka hewani, na bamba la kwanza lilipata mapovu juu ya nyuso. La pili lilikwenda vivyo hivyo. Nikajitia ushujaa, nikanunua sandarusi kwa muuza dawa za miti pale Darajani, nikaisaga nitumie badala ya utomvu wa fidla, ili niwe nimefanya kazi ya Zanzibar kwa dawa ya Zanzibar. Ugumu ule ule uliokuwa ukisifiwa na wafanyabiashara wa Salem ukanishinda: haikuyeyuka vizuri kwa jiko langu la mkaa. Nikarudi kwenye utomvu. Nikangoja Kipupwe, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umekausha hewa, na bamba la tatu likakubali. Safari hii sikusoma barua wakati dawa inafanya kazi.

Bamba lenyewe ndilo hili. Liwekeni mkononi, lipitisheni kwa wenzenu, ila msiliguse usoni kwa vidole vyenye mafuta ya sambusa. Na chapa zake hizi hapa, ishirini na nane, moja kwa kila aliyesimama siku ile au kwa familia yake. Wino wake ni masizi na mafuta. Masika haitaufifisha.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinikuta nikifuta bamba kwa kipande cha melimeli. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo, babu," kisha akaniuliza swali la haki: "Kwa nini usiipige kwa simu tu?" Nikamwambia nimeshaipiga, na wewe ipige, na tuiweke kila mahali inapowezekana kuwekwa. Sina ugomvi na simu. Lakini nikamwuliza picha zake za simu ya zamani ziko wapi. Akanyamaza, maana simu ile ilianguka baharini Kizingo. Kitu kinachopatikana bila taabu tunakiacha kipotee bila taabu. Kijana yule akaanza kuja kila Ijumaa baada ya Sala. Sasa wako wanne, wavulana wawili na wasichana wawili.

Hao siwapi dikromati wala kloridi. Ile ya kwanza ni sumu na inataka glavu, hewa na mtu mzima. Nawafundisha kwa mabamba ya kisasa yenye polima inayoganda kwa mwanga. Unaweka filamu juu, unalitoa juani dakika chache, unaliosha kwa maji ya mfereji, na bonde limepatikana. Jua tunalo, tena la bure. Wenye hamu watapanda ngazi mpaka kwenye shaba baadae.

Kwa wanachama ombi langu ni mashine. Ile yangu naikabidhi skuli leo, pamoja na bamba hili. Inahitaji chumba kimoja kisichovuja na kabati lenye kufuli. Mabamba na karatasi tuchangie kidogo kidogo. Waliotangulia walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sura za watu ni mali. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib ilipoporomoka, jengo la mwaka 1883, sote tulikimbilia picha zake za zamani kana kwamba ndiyo kwanza tumeliona. Tusingoje skuli yetu iporomoke ndipo tutafute sura zake.

Nimalizie kwa yule mpiga kengele.

Nilipofika pembe ya kushoto ya picha, nilikuwa na kalamu ya kuchongea mkononi. Ningeweza kumtilia sura. Namkumbuka: mrefu, taya pana, anatabasamu upande mmoja. Mikwaruzo kumi na tano tu, na hakuna angegundua. Niliishusha kalamu mara tatu, na mara tatu nikainyanyua. Kama ningemtilia sura ingekuwa ni kumbukumbu yangu mimi, nami ningewapa watoto wa watoto wenu kitu cha kubuni nikakiita picha. Nimemwacha kama alivyo, mabega na kola. Katika bamba mahali pake pameng'ara, hapajachimbwa.

Alizama baharini mwaka 1972, na dada yake ameniambia kwamba nyumbani kwao hawana picha yake hata moja. Lakini siku ile ya 1968 kila mmoja wetu aliruhusiwa kununua nakala. Wengi tulinunua. Nakala hizo zimekwenda na masanduku yetu Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, Dubai, London na kwengineko. Gazeti letu hili huwafikia wengi kati yetu. Basi namwomba kila mwenye sanduku la mzee wake alifungue. Tizameni chini ya vyeti, ndani ya vitabu, nyuma ya fremu za picha nyengine. Akitokea mwenye nakala ambayo pembe ya kushoto ni nzima, ailete au aipeleke kwa Katibu. Nitapiga bamba jengine, kama Mwenyezi Mungu akinipa Kipupwe chengine. Akiwa hakunipa, hao vijana wanne wanaijua njia.

Msumari wa afisini bado upo. Naomba itundikwe chapa mpya, na ile picha ya zamani ilazwe ndani ya kasha kavu.

Kengele ya chakula naona imeshapigwa.